Kuombea Upepo Mbaya

Mwezi wa Aprili, kwenye pwani ya Texas na Louisiana, kuna watu wanaoudhiwa na hali nzuri ya hewa. Jua likiwaka, upepo mwanana ukivuma kutoka kusini, bahari imetulia kama maji ndani ya sinia, wao wananuna. Wanachotaka ni kinyume chake: upepo ugeuke ghafla utoke kaskazini, mawingu yajikusanye, mvua ishuke, na ikiwezekana ishuke mchana. Si wakulima hao, wala si wavuvi. Ni watazamaji wa ndege. Wamekuja na darubini, mahema, majiko ya gesi na dawa ya mbu, wana likizo ya siku mbili tatu tu, na siku hizo wanaomba zichafuke.

Swali langu ni dogo, ila linaniwasha: je, ni halali kuiombea dhoruba hiyo? Maana siku inayomfanya mtazamaji arudi kwenye hema lake akiimba, kwa ndege ni miongoni mwa siku mbaya kuliko zote za mwaka. Kwa wengine ndiyo ya mwisho.

Tuanze na safari yenyewe. Kila majira ya kuchipua, mamilioni ya ndege waliokwepa baridi huko Amerika ya Kati na ya Kusini hurudi kaskazini kuzaliana. Wengi wao hukusanyika kwenye Rasi ya Yucatán, nchini Meksiko. Jua likishazama wanaruka, na mbele yao kuna Ghuba ya Meksiko: maji matupu, karibu kilomita 1,000, bila mti, bila mwamba, bila pa kutua. Hawa si ndege wa baharini. Wakitua majini, wamekufa. Kwa hiyo wanaruka usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana unaofuata, kama saa 18 hivi mambo yakienda sawa. Miongoni mwao yumo kolibri mwenye koo jekundu, mdogo kuliko chozi wetu wengi tunaowaona kwenye maua, mwenye uzito wa gramu 3 hivi. Karatasi moja ya A4 ina gramu 5. Kabla ya safari hula mpaka uzito wake ukaribie kuongezeka maradufu, na mafuta hayo ndiyo tangi lake la kuvukia.

Kinachowavusha ni upepo wa kusini unaowasukuma mgongoni. Mabaharia wetu wa majahazi wangelielewa jambo hili bila kuchorewa ramani: walingoja kusi wapande kwenda Arabuni, wakangoja kaskazi warudi nyumbani. Nahodha gani mwenye akili alitweka tanga huku upepo unampiga usoni?

Sasa, upepo ukiwa mzuri ndege hawatui pwani hata kidogo. Wanaipita juu kwa juu na kwenda kushukia misituni, mbali na bahari. Jambo hili liliwahi kuwagombanisha wataalamu. Mwaka 1945 George Williams wa Texas aliuliza kama kweli ndege hao huvuka Ghuba, au huizunguka kwa kufuata nchi kavu. George Lowery wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana akajibu kwamba wanavuka, ila pwani hawaonekani kwa sababu wana nguvu ya kuendelea mbele. Alifika hadi kuelekeza darubini kwenye mwezi mpevu na kuhesabu vivuli vya ndege vikipita usiku. Baadaye, katika miaka ya 1960, Sidney Gauthreaux alitumia rada za hali ya hewa, na mawimbi ya ndege yakaonekana wazi yakiingia kutoka baharini. Hoja ya Lowery ikasimama.

Ukiielewa hoja hiyo, umeshaelewa tatizo letu la maadili. Siku njema kwa ndege ni siku tupu kwa mtazamaji. Anakaa chini ya mti tangu alfajiri, anaona shomoro wawili, na wakati huohuo juu ya kichwa chake, mbali kuliko jicho linavyofika, maelfu wanapita salama salimini.

Siku mbaya ni ile ambayo hewa baridi inateremka kutoka kaskazini na kuwakuta wako njiani. Upepo unawapiga usoni, mvua inawalowesha, mafuta yanaisha. Wasiofika, hakuna anayewahesabu. Wanaofika wanaangukia kipande cha kwanza cha nchi kavu chenye mti. Watazamaji wana jina la tukio hilo, na kwa Kiswahili tunaweza kuliita anguko.

Mahali maarufu kuliko pote kwa anguko ni kijiji kinachoitwa High Island, Texas. Kwa jina ni kisiwa, kwa kweli ni kilima: kuba la chumvi lililoinuka kutoka ardhini hadi takriban mita 10 juu ya usawa wa bahari. Mita 10 si kitu, nyumba ya ghorofa tatu tu, lakini pembeni yote ni mabwawa na nyasi za chumvi, na juu ya kilima hicho imeota mialoni na miforosadi. Kwa ndege aliyechoka, huo ni mwanga wa taa ya bandari. Siku ya anguko, tanaja wekundu kama pilipili iliyoiva wanajaa kwenye tawi moja kama nguo kwenye kamba. Ndege wa rangi ya chungwa wanatembea kwenye nyasi karibu na viatu vya watu. Ndege waliozoea kukaa vileleni, ambao siku nyingine ungewatafuta mpaka shingo iume, wako chini usawa wa goti, wanaokota wadudu bila kujali nani anawatazama. Hawajali kwa sababu hawana nguvu ya kujali.

Na watu wanafurahi. Wengine wanalia kwa furaha. Sisi tuna msemo mkali kwa hali kama hii: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na mwingine mfupi zaidi: kufa kufaana.

Watazamaji wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Wa kwanza ni kwamba ombi lao halibadilishi kitu. Dua la kuku halimpati mwewe, na la mtu mwenye darubini haliupati upepo. Dhoruba ingekuja hata kama Texas nzima ingekuwa imelala. Kwa hiyo dhambi iko wapi?

Ni kweli, lakini maadili hayapimi matokeo peke yake. Mfikirie muuza majeneza. Hakuna anayemlaumu kwa kazi yake. Msiba ukitokea tunamkimbilia sisi wenyewe, na akipata faida tunasema riziki yake. Lakini tuseme majirani wamemsikia siku moja akiomba, mikono juu, Mungu ampe mwezi mzuri. Ombi lile halijaua mtu. Hata hivyo, kesho yake nani atamsalimia kwa moyo uleule? Ombi linamwonyesha mtu alivyo ndani. Linaonyesha ni nani anamhesabu kuwa ana maisha yake mwenyewe, na ni nani amemfanya chombo cha siku yake kuwa nzuri.

Utetezi wa pili ni wa kina zaidi. Wanasema: hatufurahii mateso, tunafurahia uzuri ambao mateso yameuleta karibu. Mshairi wa Kirumi Lucretius, katika utenzi wake juu ya asili ya vitu, alishaligusa jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alisema kuna utamu katika kusimama nchi kavu na kumtazama mwenzako akihangaika baharini. Si kwamba taabu yake ni tamu, bali ni tamu kuona balaa ambalo wewe umeepukana nalo. Ni maneno ya ukweli usiopendeza. Kila aliyewahi kulala kwenye hema kavu huku mvua ikipiga juu ya turubai anaujua utamu huo.

Lakini angalia tofauti. Mtu wa Lucretius yuko mbali. Meli inazama kule, yeye yuko huku, na hata angetaka hana la kufanya. Mtazamaji wa High Island hayuko mbali. Hao waliovunjikiwa na chombo wanatua miguuni pake. Ufuko aliosimama ndio ufuko wanaoutafuta. Anayefikiwa na mhanga mlangoni hawezi tena kusema yeye ni mtazamaji tu. Apende asipende, amekuwa mwenyeji.

Hapo ndipo lugha yetu inapotoa njia ya kutokea, maana pamoja na methali ya kunguru tunayo nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa pwani na wa bara wote wanaijua. Haimkatazi mwenyeji kufaidika na ugeni. Inakiri waziwazi kwamba mgeni akija, nyumba inachangamka, chakula kizuri kinapikwa, watoto wanakula nyama. Furaha ya mwenyeji ni halali kabisa. Sharti lake moja ni kwamba awe mwenyeji kweli: maji yaletwe kwanza, mkeka utandikwe, mgeni apumzike, na maswali yasubiri.

Na ukweli usemwe, sehemu ya watazamaji hawa wamelitimiza sharti hilo kuliko wengi wetu. Ile mialoni ya High Island ipo leo kwa sababu chama cha Houston Audubon kilinunua vipande vya msitu na kuvifanya hifadhi. Kiingilio cha mtazamaji kinasaidia kutunza miti ya matunda na mabomba yanayodondosha maji kidogo kidogo ili ndege wanywe na kuoga. Kwenye hifadhi moja kuna jukwaa la mbao la kukalia, kama la uwanja wa mpira, limeelekea dimbwi dogo la maji. Mara ya kwanza ukiliona unaweza kucheka: watu wazima wamejipanga kwa safu wakitazama beseni. Lakini jukwaa lile lina adabu yake. Linawaweka watu mahali pamoja, wametulia, na msitu uliobaki unaachiwa wageni.

Adabu hiyo ndiyo inayotofautisha mwenyeji na mdaku. Yupo anayecheza sauti ya ndege kwenye simu ili ndege atoke kichakani apigwe picha. Ndege anadhani kuna mshindani, anatoka, anapandisha mabawa, anatumia nguvu ambayo hana. Yupo anayewafuata ndege wa ufukweni waliolala kwenye mchanga, hatua kwa hatua, mpaka kundi zima linaruka, na yeye anaona amepata picha nzuri ya mabawa. Jamani, mtu amekuja kwako baada ya kutembea siku nzima bila kula, unamwambia acheze ngoma kwanza?

Kuna jambo lingine ambalo anayepiga kambi siku mbili anapaswa kulikumbuka: yeye mwenyewe ni mpita njia. Ndege anatua, anakula, usiku wa pili au wa tatu anaondoka. Mtu anapiga hema, anachemsha chai, asubuhi ya tatu anang'oa vigingi. Wote wawili wanaipita pwani ileile na wote wanategemea kazi ya mikono ambayo si yao. Tofauti ni kwamba mmoja ana gari lenye mafuta na njia ya kurudi. Kwa hiyo asijifanye mwenye nyumba. Ni mgeni aliyetangulia kufika, na mgeni aliyetangulia anajua wajibu wake: anasogea, anapisha nafasi kwenye mkeka.

Na anapunguza taa. Hili la taa si dogo, na Mwafrika Mashariki asidhani ni mambo ya Wamarekani pekee. Katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, ipo hoteli ya Ngulia, juu ya ukingo wa mlima. Usiku wa ukungu katika Novemba na Desemba, ndege wanaotoka Ulaya na Asia kuelekea kusini huvutwa na taa za hoteli hiyo, wakashuka kwa wingi wa ajabu. Tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakienda pale, wakiwanasa kwa nyavu, wakiwavisha pete miguuni na kuwaachia. Nao pia hungoja ukungu, na ukungu usipokuja hukunja uso. Lakini kila pete ni swali lililoulizwa kwa niaba ya ndege: unatoka wapi, unaenda wapi, unapita wapi, tukulindie nini? Angalau hapo ndege anapotezewa muda kwa faida inayoweza kumrudia.

Galveston, mji wa pwani usio mbali na High Island, ulionyesha sura nyingine ya taa. Usiku mmoja wa mwanzoni mwa Mei 2017, dhoruba iliwakuta ndege wakiingia kutoka Ghuba. Waliruka chini chini wakitafuta pa kutua, na mbele yao likasimama jengo refu lililowashwa taa. Asubuhi ziliokotwa chini ya kuta zake maiti zaidi ya 390. Taa za nje zikaanza kuzimwa katika misimu ya ndege kupita. Hali ya hewa ya aina hiyohiyo ndiyo inayojaza matawi ya High Island. Tawi lililojaa na sakafu ya saruji iliyojaa ni kurasa mbili za kitabu kimoja, na anayeuombea ukurasa wa kwanza hawezi kusema wa pili haumhusu.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwenda msituni dhoruba ikishakuja si kosa. Kufurahi si kosa pia. Mtu asiyefurahi mbele ya tanaja mwekundu chini ya mwaloni uliolowa, huyo ana ugonjwa wake mwingine. Kosa ni kuombea. Kati ya kufurahia kilichotokea na kutamani kitokee kuna mstari, na mstari huo ndio unaomtenga mwenyeji na kunguru.

Wapo watakaosema ninalikuza jambo. Ndege tu, upepo tu, kwani kuna aliyeumia kwa maneno ya watu kambini? Nami ningewaachia, kama si kitu kimoja. Watafiti waliojumlisha hesabu za Marekani na Kanada walitangaza mwaka 2019 kwamba tangu 1970 ndege wa nchi hizo mbili wamepungua kwa karibu bilioni 3. Naye Gauthreaux, alipolinganisha picha za rada za miaka ya 1960 na za miaka ya 1980, aliona mawimbi yale ya kuvuka Ghuba hayaji tena kama zamani.

Sasa rudi chini ya mti. Nimesema kwamba mti mtupu mwezi wa Aprili ni habari njema: ndege wamepita juu, wazima, tumbo lina akiba. Lakini mti mtupu unaweza pia kumaanisha kwamba hawapo. Ukikaa pale na darubini yako, huwezi kutofautisha. Ukimya wa wasafiri waliofika salama na ukimya wa wasafiri waliokwisha unasikika sawasawa. Aliyezoea kupima pwani kwa furaha yake mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu kila siku tupu kwake ni hasara tu, ya bahati mbaya, atarudi mwakani. Na dhoruba ikija anapata matawi yaliyojaa, anasema mbona wapo tele, bila kujua kwamba alichokiona ni mabaki yaliyokusanywa mahali pamoja.

Ndiyo maana hili la kutamani nini si la adabu tu. Ni la kuona sawasawa. Anayewatakia ndege upepo wa kusini analazimika kuuliza swali gumu kila mti unapokuwa mtupu: wamepita, au hawakuja? Ataangalia rada usiku, siku hizi yeyote mwenye simu anaweza. Ataandika alichokiona na ambacho hakukiona, atume hesabu yake kwa wanaojumlisha. Atalipa kiingilio hata siku ambayo hakuona kitu, tena siku hiyo zaidi. Mwenyeji wa kweli mgeni asipotokea hasemi "leo nimekosa pilau". Anatoka barabarani kuulizia.